Pikapu Yenye Jina la Mtu wa Mulot

"Gari ni ya nani?"

Swali hilo niliulizwa na afisa wa kike kwenye kaunta ya kituo cha polisi. Na mimi, ambaye mnanijua kwa mdomo, nilimjibu kwa neno moja tu, nalo halikutosha.

Wapendwa, nimeitwa hapa mbele mara tatu nikakataa. Sababu mnaijua. Mimi ndiye niliyemwuliza mchungaji, kwenye kikao cha vijana, kwa nini hapa hushuhudia waliovuka tu, na wale waliozama nani atawasemea. Kwa hiyo msitarajie niseme kwamba Bwana aliivuta pikapu yangu kwa makusudi yake. Ilivutwa na lori la kuvuta magari, kwa mnyororo, na kosa lilikuwa langu.

Baba alipofariki alituachia pikapu kuukuu. Nilimaliza chuo, nikakosa kazi, nikaishika. Kila asubuhi nilipitia nyumba tisa, wengi wenu mmeketi hapa, nikibeba maziwa hadi kituo cha kupoza. Mgongo wa mama ulikuwa umekataa kuchuma majani chai, kwa hiyo tuliishi kwa safari hizo.

Siku moja ya soko, nikiwa nimeshashusha maziwa, niliegesha kando ya barabara, chini ya kibao cha kukataza kuegesha. Nilijiambia ni dakika mbili tu, nanunua dawa ya kupe. Nikatoka dukani. Pikapu haipo.

Nawaambieni, ndugu zangu, macho yanaweza kuona na kichwa kikakataa. Nilisimama na chupa ya dawa mkononi, nikitazama doa la oili kwenye lami. Nikatazama hata ng'ambo ya barabara, kana kwamba ingevuka yenyewe.

"Madam, ni pikapu unatafuta?" mwendesha boda mmoja akaniita. "Imeenda ikiwa miguu ya mbele juu, kama mbuzi ya Krismasi."

"Kwani chuo hawafundishi kusoma vibao?" mwenzake akadakia. Wakacheka wote. Ningekuwa wao ningecheka pia.

Nilifika kituoni nimewaka. Nilikuwa nimefungua sheria ya barabara kwenye simu.

"Ni kifungu gani kinawaruhusu kuvuta gari bila kunijulisha?"

"Tungekujulisha kwa namba gani, dada?" afisa akauliza, bila hasira. "Kibao uliona?"

"Niliona."

"Basi hapo tumemaliza. Utalipa, risiti utapata. Sasa, gari ni ya nani?"

"Yetu."

"Yetu ni nani?"

"Ya babangu. Ni marehemu."

Akatazama kompyuta yake, akanitazama mimi. "Pole. Babako aliitwa hivi?" Akasoma jina.

Jina hilo sikuwahi kulisikia maishani mwangu. Mimi ninayehoji serikali, kanisa, hadi mizani ya majani chai, nilikuwa nimeendesha gari hilo miaka miwili bila kuuliza ni la nani.

"Mwenye jina aje mwenyewe na kitambulisho," afisa akasema.

"Na asipopatikana?"

Alinyoosha kidole dirishani. Nje, uani, kulikuwa na magari ambayo majani yalikuwa yamemea ndani ya boneti. Kuku alikuwa ameangua vifaranga kwenye kiti cha dereva cha matatu moja. Mwisho wa mstari niliiona pikapu yetu, mikebe ya maziwa bado iko nyuma.

"Hata hizo zilikuwa na wenyewe," akasema. "Zikikaa sana, korti huamuru ziuzwe."

Nilirudi nyumbani. Nikamtajia mama lile jina.

"Ah, huyo ni mzee wa Mulot," akasema, kama mtu anayetaja bei ya chumvi. "Ndiye aliyemuuzia babako. Walikunywa chai, wakaandikiana karatasi, wakashikana mikono."

"Na jina, Mama? Halikubadilishwa?"

"Mtu akikuuzia ng'ombe, unabadilisha nini? Ukipewa kamba, ng'ombe ni wako."

Msicheke. Wangapi hapa mmenunua pikipiki kama ng'ombe? Naona kina baba wanatazama viatu.

Siku zilizofuata maziwa yenu yalibebwa na boda, mengine yakamwagika njiani, mengine yakachacha. Mama mmoja wa hapa hapa alibeba mkebe wake mgongoni hadi barabara kuu, mvua ikimnyeshea. Hakunilaumu. Lakini jirani mwingine aliniambia kweli: "Msichana wangu, tukifika Jumatatu bila gari, tutatafuta mtu mwingine. Ng'ombe hazingoji." Alikuwa na haki. Nililia nyuma ya choo ili mama asinione.

Jumamosi nikaenda Mulot. Namba ya simu hatukuwa nayo, tulikuwa na jina tu. Niliuliza kwenye mnada wa mifugo hadi nikaonyeshwa mzee mrefu mwenye kofia ya manyoya, ameshika kamba ya fahali. Nikamsalimu, nikamwambia mimi ni binti wa nani na nimetoka wapi.

"Gari ilikufa?" akauliza.

"Gari haijakufa, mzee. Ni baba."

Akampa mtu aliyekuwa karibu ile kamba, akaketi chini kwenye vumbi, mbele ya watu wote. "Amezikwa lini?" Nikamwambia. Akatikisa kichwa. "Na hakuna mtu aliyekuja kuniambia? Sisi tulishikana mikono."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa mabishano, si kwa machozi ya mzee. Nilimweleza yote, hadi kibao. Akasema nimpe siku moja azungumze na watu wake. Jumatatu asubuhi angekuja.

Nami Jumatatu hiyo nilifika kituoni kabla ya kaunta kufunguliwa. Saa tatu, hakuna mtu. Saa nne, hakuna. Nikaanza kujiuliza kwa nini aje. Saa tano akaingia, amevaa koti la suti juu ya sweta, kitambulisho kimekunjwa ndani ya leso.

Afisa yule yule akatazama kompyuta, akatazama kitambulisho. "Mzee, gari ni yako?"

Hapo, wapendwa, ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekifanya. Nilikuwa nimemleta kwa miguu yake mtu mmoja duniani ambaye angeweza kujibu ndiyo, na sheria yangu yote ya kwenye simu ingesimama upande wake. Ile karatasi ya makubaliano niliishika hadi ikalowa jasho.

Mzee alinitazama, akaikunja leso yake polepole.

"Jina ni langu," akasema. "Gari niliuza. Ni ya mama ya huyu msichana."

Akaweka sahihi kila mahali alipoonyeshwa, nami nikalipa, nikapewa pikapu. Kisha tukaenda saiba, duka la intaneti, kuanza safari ya kubadilisha jina, akingoja kwenye benchi kwa saa mbili bila kunung'unika.

Nawashukuru nyinyi mliongoja hadi Jumatatu. Namshukuru mama aliyebeba mkebe mvuani, na yule afisa ambaye hakuniomba chochote, nikamkosea adabu bado akanieleza. Mimi sijaacha kuuliza maswali. Lakini niliwauliza wengine wote, nyumbani kwangu sikuuliza. Nendeni leo mkaangalie jina lililo kwenye logbuku, kile cheti cha mwenye gari. Muuzaji akiwa hai, nendeni kwake wakati bado mnaweza kumsalimu.

Siku ile nilitaka kumpeleka mzee hadi kwake. Akakataa, akasema nimshushe Bomet mjini. Nikafikiri ni heshima, hataki kunisumbua. Mwezi uliopita tulikwenda Mulot kumzika. Tukimenya viazi, mkaza mwanawe akaniambia kwamba Jumatatu ile wanawe ndio waliompa nauli, ili aichukue pikapu, waiuze. Mnunuzi waliyemwita alishinda kutwa langoni mwao akiingoja.