Upepo wa Silinda ya Tatu

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Ni Jumapili asubuhi hapa Bukavu. Ukungu bado umelala juu ya ziwa, na saa hii tumemwekea mtu mmoja tu. Jina lake Anaclet Cirimwami, fundi wa injini, mkaaji wa Kadutu. Alituacha Jumatatu iliyopita, nyumbani kwake, akiwa na miaka sabini na moja. Anaclet Cirimwami, fundi wa Kadutu.

Wengi mlimjua kwa kombi lake la rangi ya maziwa. Injini yake ilikaa nyuma, na haikutumia maji. Injini ya namna hiyo hupozwa na upepo peke yake. Feni huvuta hewa. Koti la bati huifunika injini na kuupeleka upepo huo kwenye silinda zote nne. Feni na koti: yashikeni hayo mawili, maana maisha ya Papa Anaclet yaligeukia hapo.

Kila Jumanne alishuka Luberizi, katika bonde la Ruzizi, kuleta mchele na watu. Kushuka si kazi. Kazi ni kurudi. Unatoka kwenye joto la bonde, halafu mbele yako inasimama Ngomo, ule mlima wa kona na korongo. Injini ya zamani ilikuwa imechoka. Basi Anaclet akaifungua, akaitanua, akaweka pistoni kubwa zaidi. Ikawa na nguvu mpya. Lakini wasikilizaji wapendwa, nguvu huzaa joto. Injini iliyotanuliwa ilitaka feni nyingine na koti jingine.

Alikuwa mtu wa ndoto. Binti yake Gloire, ambaye ni mwalimu, anakumbuka: "Papa alikuwa anasimama mu mulango ya garaje, anaangalia ziwa mupaka chai inapoa mu mukono. Tunamuita mara tatu. Anasema, 'Mungoje kwanza, nilikuwa mbali.'"

Alikuwa na njia mbili. Huko Lwiro, nyuma ya nyumba ya rafiki, lilikuwepo kombi bovu ambalo kuku walilala ndani yake. Koti lake lilikuwa limeshika kutu, lakini ndani lilikuwa na mabati madogo ya kuugawa upepo, na feni yake ilikuwa pana. Njia ya pili ilikuwa koti jipya la mfanyabiashara mmoja wa mjini, limetoka Dubai. Liling'aa hadi unajiona uso.

Anaclet alilipenda lile la kung'aa. Mke wake, Anne-Marie, alitia mkono ndani yake, akaupapasa utupu.

"Iko muzuri kama sahani ya ndoa," alisema. "Lakini ndani hakuna kitu. Upepo itajua njia namna gani?"

"Upepo haipotee, Maman Gloire," alijibu huku akicheka.

Akalifunga. Akaweka na puli, gurudumu la mkanda, iliyoifanya feni izunguke polepole, ili isile nguvu ya injini. Kombi likaruka kama mbuzi. Kwa wiki tatu, Kadutu nzima ilimsifu.

Wiki ya nne, mwezi wa pili mwaka elfu mbili na kumi na nne, kituo cha afya kilimwomba ambebe mama mjamzito kutoka Luberizi. Jina lake Chancelle, mkulima wa mpunga. Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni, ilibidi wafike Bukavu kwa upasuaji. Mume wake, Willy, alikaa naye nyuma, akimshika mabega.

Katikati ya Ngomo, injini ilianza kugonga. Anaclet alisikia, akakanyaga zaidi. Kona mbili mbele, ikanyamaza. Kimya kikajaa kila mahali. Anaclet alisema baadaye kwamba alisikia hadi maji ya kijito chini kabisa bondeni.

Walisubiri kwa muda wa saa mbili hivi kabla lori halijapita. Chancelle alifika Bukavu, akapona. Mtoto wake hakupona. Nasema tena, wasikilizaji wapendwa, maana Papa Anaclet mwenyewe hakutaka jambo hili lifichwe: mama alipona, mtoto hakupona.

Alipoifungua injini, alikuta pistoni ya silinda ya tatu imeyeyuka. Tatu zilizobaki zilikuwa nzima. Akaelewa. Kifaa cha kupozea oili kilisimama mbele ya silinda ile, kikaiziba. Koti lililokuwa tupu halikuwa na kitu cha kuupeleka upepo nyuma yake. Feni nayo ilizunguka kivivu. Silinda ya tatu ilikuwa imepumua makombo.

Watu walisema ni mapenzi ya Mungu. Yeye alipanda basi akaenda Luberizi.

Alimkuta Chancelle uani, akianika mpunga. Hakukaa kwenye kiti alichopewa. Alisimama, kofia mkononi.

"Maman, Ngomo haina kosa," alisema. "Motokari pia haina kosa. Ni mimi. Nilichagua kitu ya kung'aa."

Chancelle aliendelea kuusambaza mpunga kwa kiganja. Kisha akauliza, "Papa, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua kidogo. Sikupenda kujua yote."

Willy aliinuka akaingia ndani, akafunga mlango. Chancelle aliusambaza mpunga wote hadi ukaisha. Mwishowe alisema: "Basi fanya hiyo motokari ipande."

Hayo tu. Hakusema nimekusamehe. Anaclet alirudi na maneno hayo matano kifuani.

Alikwenda Lwiro, akawatoa kuku, akachukua lile koti lenye kutu na feni yake pana. Kwa miezi mingi, baada ya kazi za watu wengine, alijifunza upepo. Anne-Marie alimpa nyuzi nyekundu za kufumia. Akazibandika kwenye kila silinda, akaizungusha feni kwa mota ya umeme, akakaa kutazama zinavyocheza. Ambapo uzi ulilala, upepo haukufika. Aliomba ubani kwa padri wa parokia, akaufukiza mdomoni mwa feni ili aone moshi unapita wapi. Majirani waliopita jioni walidhani kuna ibada. Ndani ya ule moshi wa buluu, mzee amekaa kwenye ndoo, anatabasamu kama mtu anayeona samaki chini ya maji.

"Alikuwa anasinzia pale pale," anasimulia Anne-Marie. "Siku moja aliamuka akaniambia, 'Nimeota niko upepo. Nimepita mu silinda ya tatu, ni kama kupita mu mulango ya jirani.'"

Koti la Lwiro lilikuwa na kichumba chake nyuma, kwa ajili ya kifaa cha oili, kwa hiyo silinda ya tatu haikuzibwa tena. Aliyanyoosha mabati ya ndani, akaziba kila ufa, kwa maana upepo hupenda kutoroka. Akairudisha puli ya mwanzo. Feni pana ilikula nguvu. Kombi likawa zito, likapanda Ngomo kwa mwendo wa mtu anayesali rozari. Madereva walimcheka. Lakini uzi wa silinda ya tatu ulikuwa umesimama wima.

Miaka mitatu ikapita. Chancelle akabeba mimba tena, na tena kituo kikasema: Bukavu. Akatuma ujumbe kwa Papa Anaclet.

"Ile motokari tena?" Willy alipaza sauti. "Umesahau?"

"Sijasahau," Chancelle alimjibu. "Madereva wengine wote hawajue kosa iko wapi. Ule muzee anajua."

Walianza kupanda saa tisa mchana. Gloire, aliyekaa mbele, alisoma kipimajoto cha injini kila kona kwa sauti, na baba yake aliitikia kwa kichwa. Walipofika pale, pale penyewe, Chancelle alifumba macho. Feni iliimba sauti moja, nene, isiyobadilika. Ukungu ukashuka ukalifunika kombi, hata ikawa kama wanapanda ndani ya wingu, bila barabara, bila mlima. Alipofumbua macho, Nyangezi, mji mdogo wa baada ya mlima, ilikuwa mbele yao na mvua nyepesi inanyesha.

Mtoto wa kike alizaliwa jioni hiyo. Alilia kwa nguvu.

Alhamisi, kwenye mazishi, Chancelle alikuja kutoka Luberizi pamoja na Willy. Alipoombwa aseme neno, alisema hivi: "Watu wanasema nilimusamehe Papa Anaclet. Ni kweli. Lakini sijui ni siku gani. Labda ni mu ile ukungu, ndo maana sikuona."

Kwa Maman Anne-Marie, kwa Gloire, kwa wajukuu na mafundi wote wa Kadutu: poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Mungu ampokee.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, tuzime redio kidogo baada ya hapa. Kila mmoja wetu anajua uani kwa mtu mmoja ambako hajaenda kusimama, kofia mkononi. Leo ni Jumapili. Mabasi yapo.