Aliyeukalia Mfuniko: Kumkumbuka Mokhethi Ramarou

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni moto jikoni mnisikilize. Mzee wetu, Ntate Mokhethi Ramarou, amefariki Jumanne, kitandani mwake, akiwa na miaka sabini na mmoja. Narudia: kitandani mwake. Kwa mjenzi wa mitambo ya maji machafu, hilo si jambo dogo.

Mitambo yake mnaijua. Kuba la matofali chini ya ardhi. Maji ya choo yanaingia, vijidudu visivyohitaji hewa vinakula uchafu, gesi inapanda jikoni. Naye alikuwa na sheria moja tu: hashuki mtu kabla ya kuku.

Basi, kulikuwa na sherehe ya shule pale Ha Ralebese. Wapishi walipika pombe ya mtama, kisha machicha yote, ndoo kumi na mbili, wakayamwaga chooni. Mtambo ukachacha. Bomba la kutolea likaziba, na uchafu ukafurika kuelekea chemchemi ya kijiji.

Mdogo wake, Tsietsi, akavua viatu. "Kaka, nashuka. Dakika mbili tu."

"Subiri kuku."

"Watoto wanywe mavi tukisubiri kuku?"

Mokhethi akaurudisha mfuniko wa mtambo, akaukalia. Uchafu ulikuwa umebakiza hatua ishirini tu kuifikia chemchemi.

"Mwoga wewe," Tsietsi akamwambia mbele ya watu. "Uzee umekuingia magotini." Watu wakacheka. Nami nilicheka, nakiri.

"Nitukane," akajibu, "ila nitukane ukiwa huku juu."

Kuku akaletwa, akateremshwa shimoni kwa kikapu kupima hewa. Kabla hatujahesabu hadi thelathini, kamba ikatulia. Walimtoa shingo imelegea. Hakuna aliyecheka tena. Hata kinasa sauti nilisahau kukiwasha.

Wanaume wakachimba mfereji kugeuza uchafu, huku Mokhethi akizibua bomba kwa mti mrefu, kutokea nje, hadi jioni. Chemchemi ikapona. Mtambo ukapumzishwa wiki tatu, ukaanzishwa upya kwa samadi mbichi ya ng'ombe.

Jana Tsietsi aliniambia: "Kaka yetu mkubwa, Potso, nilijua alifia shimoni. Sikujua nani alimshikia ngazi. Mokhethi aliniambia siku ile ya kuku, tukinawa mikono. Alikuwa yeye."

Tsietsi sasa ana wajukuu saba.

Poleni sana, mjane wake, 'M'e Nthofeela, na watoto. Poleni, akina Ramarou wote. Tunamzika Jumamosi. Nawe unayenisikiliza, jiulize kama mimi ninavyojiuliza tangu jana: ni nani uliyemcheka ukimwona mwoga, kumbe alikuwa ameukalia mlango wa kaburi lako?