Ngoma Iliyofuata Majembe

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi. Mheshimiwa Diwani wa kata yetu. Viongozi wetu wa dini. Mkuu wa Shule na walimu wenzangu. Wazazi mliotoka Mwese kwa pikipiki, na tope la njiani bado liko kwenye magoti. Wanafunzi wangu, nyie mliosimama nyuma kwa sababu viti tumewapa wageni: mwangaluka!

Nashukuru kwa kuitikia kwa nguvu. Mimi ni Skolastika, mwalimu wa fizikia wa shule hii. Katika salamu zangu nimemruka mtu mmoja, na sikumsahau. Mzee wetu Mwandu, baba wa marehemu Dk. Nyanzala Mwandu, ambaye jina lake liko juu ya mlango wa maabara tunayoifungua leo: shikamoo, Baba. Hotuba hii ni yako. Sisi wengine, pamoja na mgeni rasmi, tunasikiliza kwa hisani yako tu.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa Mzee kumpelekea kadi ya mwaliko. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, na kikundi chake kilikuwa shambani kinalima. Lakini kililima kimya, kila jembe likishuka kwa wakati wake, kama watu wasiofahamiana. Ngoma ya kulimia, ambayo Mzee ameipiga Mwamkulu tangu familia yake ilipohamia huku na ng'ombe wao kutoka Usukumani, ilikuwa imetundikwa ukutani. Nikamuuliza kwa nini. Akaniambia, "Mwalimu, watu wananipa pole ya msomi. Mimi nimezika mtoto ambaye kazi yake siijui. Hiyo ngoma nimpigie nani?"

Ndugu zangu, maneno hayo yamekaa kifuani mwangu wiki nzima. Inakuwaje wageni wa mbali wamjue mtoto kwa kazi yake, na baba aliyemlea abaki kuisikia kazi hiyo kama uvumi? Leo, Baba, nimekuja na jibu, na jibu lenyewe si langu.

Kwanza tuambiane ukweli, wana-Mwamkulu: sisi tulidhani Dk. Nyanzala ni fundi saa. Mnacheka kwa sababu mlikuwemo! Tulisikia yuko ng'ambo kwenye maabara ya saa, basi kila alipokuja likizo uani kwao palijaa watu na saa zao zilizokufa. Mama Pudensiana alileta mpaka redio. Dk. Nyanzala akawaomba radhi: "Jamani, saa za mkononi mimi siwezi kutengeneza." Mama Pudensiana akamkazia macho. "Mwanangu, umesoma mpaka ukaitwa daktari, na betri inakushinda? Ng'ombe wa baba yako waliouzwa kukusomesha wameliwa na nani?" Na Mzee Telesphor, fundi saa wa pale sokoni Mpanda, namwona amejificha nyuma ya kofia yake, alifunga kibanda akapanda bajaji mpaka Mwamkulu kuhakikisha kama kweli ameletewa mshindani. Alipoona msomi wetu anahangaika hata kufungua mfuniko wa saa, alirudi mjini akiimba.

Sasa kama hakuwa fundi saa, alikuwa nani? Mimi nililielewa hilo nikiwa kidato cha tatu, katika shule hii hii, wakati fizikia tunaisoma ubaoni tu. Dk. Nyanzala alikuja likizo, akaomba kipindi kimoja, akatutoa darasani. Akatupeleka shambani kwa baba yake, ambako kikundi kilikuwa kinalima na ngoma inalia. Akatuuliza, "Hapa nani anamfuata nani?" Tukajibu kwa pamoja, tukimshangaa, "Majembe yanafuata ngoma!" Akacheka. "Acheni kuangalia mikono ya baba. Angalieni macho yake."

Tukaangalia. Macho ya Mzee hayakuwa kwenye ngoma hata kidogo. Yalikuwa mabegani kwa wakulima. Majembe yakianza kupishana, alivuta mpigo kidogo, au aliukaza kidogo, mpaka yote yakainuka tena kama jembe moja. Ngoma ndiyo iliyokuwa inafuata majembe. Wakati huo huo Mzee akatuona, akapaza sauti: "Nyanzala! Toa watoto wako kwenye matuta yangu!" Tukakimbia. Na hilo ndilo somo bora la fizikia nililowahi kusoma.

Akatueleza njiani. Atomu, alisema, ni wakulima wakaidi kuliko wote. Zina mpigo wao mmoja, hazichoki, hazizeeki, na ngoma ikienda nje ya mpigo huo haziinui jembe. Saa ya atomu ni ngoma inayopigiwa wakulima hao. Alipofika ng'ambo, wenzake katika maabara yake walikuwa wanahangaika kutengeneza ngoma isiyokosea. Yeye akawaambia kwamba ngoma zote hukosea; yenu ifundisheni kutazama majembe kila baada ya mpigo, si mara moja moja, ijirekebishe. Wakamcheka. Kisha wakajaribu, na saa yao ikatulia kuliko ilivyowahi kutulia. Siku hizi kijana wa bodaboda akimtafuta mteja kwa ramani ya simu, ramani hiyo inategemea saa za namna hiyo, zinazotunza muda huko juu angani, ndani ya setilaiti.

Nilimuuliza, "Baba yako anajua?" Akasema, "Nilijaribu. Nikimwambia atomu, ananiuliza zinakula nini." Kisha akaongeza, "Nitamwambia siku shule yenu itakapopata maabara, mbele ya watu, asipate nafasi ya kubisha."

Ugonjwa ulimchukua kabla ya siku hiyo. Lakini siku yenyewe imefika, watu wapo, na ujumbe nimeufikisha. Baba, kazi ya mwanao ulikuwa unaijua kabla hajazaliwa. Wewe ndiye uliyemfundisha.

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, najua ratiba inasema utakata utepe. Naomba utusamehe, utepe usubiri kidogo. Kikundi cha Mzee kiko pale nje, mbele ya bustani ya maabara, na majembe mabegani. Na ngoma, Baba, iko chini ya meza hii. Usimgombeze mjukuu wako Nashon; tulimtuma sisi.

Sitaongea tena mpaka uamue.

Haya... amesimama! Mheshimiwa, tafadhali sogeza kiti, Baba apite. Na nyie wanafunzi, msiangalie mikono yake. Mnajua pa kuangalia.

Asanteni kwa masikio yenu. Sasa yageuzeni kwa Mzee.