Mwalimu Anda, Aliyefundisha Akiwa Uvunguni mwa Meza

Wazazi wangu na nyote mliokuja kutusindikiza, familia imenipa mimi, mpwa wa marehemu, nisome haya, maana wasomi wote wa ukoo wanalia, na mimi niliyeishia kidato cha pili ndiye mwenye sauti ya kufika hadi getini.

Mjomba wetu, Mwalimu Anda, alizaliwa tarehe 9 Machi 1964, katika nyumba ya nyuma ya posta, mtoto wa tatu wa fundi saa, akasoma shule ya msingi mtaa huohuo, akaenda sekondari ya bweni hadi 1982, kisha chuo cha ualimu, na Januari 1985 akaanza kufundisha Kiingereza katika shule ambayo hakuihama tena.

Somo alilolipenda ni kueleza kitu kiko wapi, maana sisi tukisema "mezani" tumemaliza, lakini Mwingereza atataka ujieleze, ni juu, kando au chini, basi mjomba, na tai yake shingoni, alipanda meza, watoto wakasema "on", akajipenyeza uvunguni, wakapiga kelele "under", na jina la Anda likamganda.

Tarehe 12 Desemba 1987 alimwoa fundi cherehani, aliyemtilia viraka vya magotini kila muhula, wakajaliwa mabinti wawili, muuguzi na dereva wa lori.

Tarehe 6 Februari 2023 kiharusi kilimpokonya sauti, mwalimu mkuu akamwambia kwa upole kwamba asiyesema hawezi kupewa darasa, mjomba akajifungia chumbani na kususa chakula, nikamwambia, "Mjomba, kwani ile meza iliwahi kukuomba hotuba?", akanirushia kiatu, nikajua limemwingia.

Tarehe 4 Septemba alikwenda shuleni, mwalimu mkuu akasimama mlangoni kumpima, mjomba akapanda meza kwa taabu, darasa likataja, akaingia chini, likataja, akasimama katikati ya madawati mawili, likakosea, akatikisa kichwa na kubaki palepale mpaka mwanafunzi mmoja akapatia, "between", na mwalimu mkuu akaondoka, akamwachia darasa lake.

Alifariki hospitalini Jumapili, tarehe 19 Mei 2024, akiwa na kipindi Jumatatu.

Tunawashukuru madaktari, majirani, na walimu wenzake waliokataa kulifuta jina lake kwenye ratiba mpaka tumzike.

Pumzika, mjomba, hukustaafishwa na mtu.