Maji Machungu ya Akeyo: Mama Lornah Nakhungu Opiyo, 1941–1978

Mama Lornah Nakhungu alizaliwa Kimilili tarehe 12 Machi 1941, asubuhi ya mvua iliyonyesha huku jua likiwaka. Uchungu ulimshika mama yake akichuma kunde. Kwao walisema mtoto alijua harufu ya majani kabla ya kuonja maziwa.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nane, mwaka 1956. Alipenda kuimba. Hesabu hazikumpenda.

Mwaka 1960 alikuja Kisumu, akapata kazi ya kufagia wodi. Tarehe 4 Agosti 1962 alifunga ndoa kanisani na Bwana Zadock Opiyo wa Usenge, mpakiaji wa mizigo bandarini, wakapanga chumba Nyalenda. Mimba ya kwanza ilitoka mwaka 1963, ya pili mwaka uliofuata. Jioni nyingi aliketi mlangoni akilitazama ziwa kama anayesubiri barua.

Mwaka 1966, akiwa na mimba ya tatu, mkunga wa kliniki aliona viganja vyake vimepauka. Alimpa vidonge, akamweleza kwamba mboga za majani zina foleti, kitu kinachousaidia mwili kutengeneza damu na mtoto kukua tumboni; ila foleti haivumilii moto mrefu, na nyingi huondoka na maji yanayomwagwa.

Basi Lornah akaenda Usenge kwa mama mkwe wake, Mama Benta, aliyesifika kwa akeyo laini. Mboga ile chungu aliichemsha asubuhi nzima, akamwaga maji mara mbili, ndipo akatia maziwa. Mke hagusi chungu cha mama mkwe. Lornah hakubishana, alikinga kikombe.

“Nyar Kimilili!” Mama Benta alishangaa, akimwita binti wa Kimilili. “Unakunywa maji ya mboga? Mwanangu ameoa mke au ndama?”

“Ndama, Mama. Lakini nimepoteza wawili. Huyu sitaki kitu chake kimwagike.” Akamweleza yote aliyoambiwa na mkunga.

Kesho yake Mama Benta alitia maji kidogo, akafunika chungu, akakiepua majani yangali kijani. Ilikuwa chungu mno. Nyumba nzima ilikula ikikunja uso. Seline alizaliwa tarehe 9 Novemba 1966, na kilio chake, wanasema, kilifika ufuoni kwa wanaoanika omena, dagaa wa ziwani.

Kuanzia 1968 Mama Lornah alikuwa msaidizi katika kliniki ya akina mama. Kwenye bomba la maji la Nyalenda aliwafundisha wajawazito: “Chemsha kidogo, funika, mchuzi usimwage.” Hadi mtaa wa Manyatta walimwita Mama Usimwage, naye aliitika.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 1976. Juni mwaka huu wa 1978 alirudi Usenge. Wiki ya mwisho Mama Benta, sasa akitembelea mkongojo, alimletea kikombe cha akeyo.

“Kunywa, ndama wangu.”

“Mama, hii haiponyi moyo.”

“Nani amesema inaponya? Kunywa.”

Alikunywa yote, akatabasamu, akalala. Alifariki Alhamisi tarehe 5 Oktoba 1978, jua likichomoza, ziwa limetulia kama maji ndani ya bakuli.

Ameacha mume wake, Bwana Zadock. Watoto wake, Seline na mdogo wake Wanyonyi. Na mama mkwe wake, Mama Benta, ambaye leo asubuhi alipika akeyo na kutuamuru sote tunywe mchuzi kabla ya kuja hapa kaburini.

Lala kwa amani, Mama. Hatukumwaga kitu.