Jengo Tulilolipaka Masizi

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi; Bi Mthamini, uliyekubali kurudi mahali ambapo mara ya kwanza tulikupokea kwa aibu; viongozi wa mtaa mlioketi mbele kwa heshima na mlioketi nyuma kwa sababu ya kivuli; ndugu wageni waalikwa; wafanyakazi wa bekari; majirani; na nyinyi wengine ambao hamkualikwa na mtu ila mmefuata harufu ya mkate mpaka hapa: karibuni nyote, na msione haya, hata mimi ningekuja.

Kwa wasionijua, mimi ni mdogo wake marehemu, yule ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Hamira. Jengo hili nyuma yangu lilikuwa lake, chini bekari, juu vyumba vya kupangisha, na amewaachia wanawe wawili. Mkubwa ndiye huyu, dereva wa malori, ambaye tulianza kumwita Dereva akiwa bado anaendesha sahani mezani na kupiga honi kwa mdomo. Mdogo wake ni yule binti aliyevaa aproni mpaka kwenye sherehe yake mwenyewe. Yeye tunamwita Bosi, na ukimwona na wafanyakazi wake huna haja ya kuuliza kwa nini. Nimepewa dakika chache nieleze jinsi bekari tunayoifungua upya leo ilivyoponea chupuchupu kuuzwa. Aliyenipa dakika chache hanijui vizuri.

Ndugu zangu, mtu akifa, kuna wanaoleta pole na kuna wanaoleta habari. Machozi yetu hayajakauka, tukaletewa habari kwamba serikali huchukua nusu ya kila unachorithi kwa mzazi. Nusu! Aliyesema hakuwa na uhakika, lakini alikuwa na sauti nzito, na sisi wenye msiba sauti nzito ilitutosha. Je, kuna aliyekwenda kuuliza ofisi ya kodi? Hakuna. Kuna aliyeuliza kodi hiyo hulipwa na nani, lini, kwa sheria gani? Tuliulizana wenyewe kwa wenyewe, wote hatujui, na tukainuka pale tumekubaliana kabisa.

Pesa ya kulipa nusu ya jengo Bosi angeitoa wapi? Ikaonekana dawa ni kuuza. Na mnunuzi alikuwepo, anataka kuvunja tanuri aweke stoo ya saruji. Bosi amekanda unga ubavuni kwa mama yake tangu alipomaliza shule, hajui kazi nyingine wala haitaki. Aliposikia neno saruji alinyamaza. Jamani, mimi nimemlea yule mtoto. Akifoka hatuna wasiwasi, akinyamaza tunatafutana.

Ndipo Dereva akaja na akili yake. Mahakama ilikuwa imetaka jengo lithaminiwe kabla ya mirathi kugawanywa, na mthamini alikuwa anakuja kesho yake. "Thamani ikishuka," akasema, "kodi nayo inashuka. Tulichakaze!" Mheshimiwa, umewahi kuona familia ikifanya kazi kwa umoja? Ungetuona siku ile! Dereva aling'oa milango ya mbele, akapaka ukuta masizi, akapanda juu akang'oa na madirisha. Mpangaji wa ghorofani akatoa kichwa, akauliza, "Kwani mnanihamisha?" Dereva akamjibu, "Hapana mzee, tunashusha thamani tu." Bosi alishughulika jikoni. Mashine ya kukandia unga ikahamia chumbani kwangu, nikaifunika shuka, tukalala wote wawili, na mimi ndiye niliyekoroma.

Asubuhi akafika mama huyu mnayemwona hapa, na futi yake ya kupimia mkononi. Akazunguka jengo bila haraka. Akagusa ukuta, akaangalia kidole, akasema kwa upole, "Masizi haya bado mabichi." Kisha akauliza, "Na milango je?" Dereva akajibu, "Imeibiwa, mama." Bi Mthamini akatazama kizingitini. "Mwizi mstaarabu huyu. Bawaba zote amezipanga, na skrubu amezitia kwenye kikombe."

Angeweza kutufokea, na haki angekuwa nayo. Badala yake alikaa juu ya gunia la unga akauliza, "Nani amewatisha?" Tukamwambia. Akatikisa kichwa, akatueleza, nami nayasema kama alivyoyasema ili mwenzangu aliyefiwa na mzazi asije akang'oa milango.

"Kwa sheria yetu hapa," akasema, "kurithi kwenyewe hakuna kodi. Mama kawaachia jengo, hamjapata faida. Kodi inakuja siku mkiuza, na hapo inatozwa ile faida tu. Faida tunaihesabu kuanzia wapi? Kuanzia thamani ya jengo siku mama yenu alipofariki. Sasa mimi nikiandika hapa pana gofu, halafu mwakani mkaliuza kwa bei ya jengo zima, tofauti yote ile itakuwa faida yenu, na mtailipia kodi. Wanangu, mmehangaika siku nzima ili mje kulipa zaidi!"

Akaendelea kwamba kodi ya mapato ya vile vyumba vya juu itaendelea kulipwa, maana mpangaji bado analipa na sasa wanaopokea ni wao. Na kwamba kama marehemu alibakiza kodi yoyote, italipwa kwanza kutoka kwenye mali yake kabla watoto hawajagawana. "Na msiende kumfundisha ndugu yenu wa nchi nyingine," akasema, "huko sheria inaweza kuwa kinyume kabisa. Aulize huko huko."

Dereva alikuwa ameshasimama. "Mama, tafadhali, tupe muda kidogo." "Wa nini?" "Turudishe milango!" Jamani, nilivyowaona wakikimbia! Bosi alicheka mpaka akakaa sakafuni, kisha akalia, na nikamwacha alie, kwa sababu tangu mazishi alikuwa hajalia sawasawa. Bi Mthamini akaondoka, akarudi kuta zilipokwisha kusafishwa, akaandika thamani ya haki, hakuongeza wala hakupunguza. Mama, mbele ya watu wote hawa nasema asante. Ulitukuta waongo ukatutendea kama watoto wako.

Mnadhani mambo yakaishia hapo? Hata mimi nilidhani. Jioni ile ile Dereva akasema, "Hata hivyo, tuuze." Nikawaka. Kodi hakuna, mnunuzi wa nini tena? Akanivuta pembeni. Akaniambia, "Mama mdogo, ile kodi ilinifaa. Ilikuwa sababu nzuri. Mimi mle jikoni siwezi kuingia. Nikifika mlangoni namtafuta." Dada yangu alianguka mbele ya tanuri lake, mwanawe akiwa safarini na lori. Ndipo nikaelewa kwa nini siku ya masizi alishika kazi za nje na za ghorofani, asitie mguu jikoni hata mara moja. Niliumia sana, kwa sababu nilimcheka siku nzima na sikuona.

Bosi alipoambiwa hakubishana. Alimwambia kaka yake, "Basi usiingie. Sehemu yako iko pale pale, haiuzwi, haiozi. Wewe niletee unga, mimi nitawasha moto." Na hivyo ndivyo walivyoishi. Yeye analeta unga kwa lori lake, anashusha magunia mlangoni, anapokea mkate wake mlangoni, anaondoka. Ukuta umepakwa rangi mpya, tanuri limekarabatiwa, wafanyakazi wote wamebaki, na hakuna siku mdogo wake alimuuliza, "Utaingia lini?"

Mheshimiwa Diwani, sasa nina ombi ambalo halimo kwenye ratiba. Asubuhi ya leo Dereva alinigongea, amenyoa ndevu, amevaa shati hili jeupe, akasema, "Mama mdogo, niombee ruhusa kwa Mheshimiwa. Leo nataka kutangulia mimi." Mheshimiwa, utepe ni wako, ukate kwa mkono wako, na picha utapigwa za kutosha. Lakini mlango, tunakuomba, mwachie yeye.

Naona umeitikia kwa kichwa, na Mungu akubariki. Nawashukuru nyote kwa masikio yenu na kwa uvumilivu wenu, mkate upo, hakuna atakayeondoka mikono mitupu.

Dereva, mwanangu, usimtafute mdogo wako hapa kwenye viti. Nimemwona akiingia kwa mlango wa nyuma. Amekwenda kusimama mbele ya tanuri, ili ukitazama pale usikute patupu. Nenda, baba.