Dai la Tano

Fundi cherehani alikuwa amepakata furushi lake la kanzu, lakini masikio yake yalikuwa kiti cha mbele. Treni ya asubuhi ina raha zake. Katibu wa chama cha Kiislamu, mwenye faili jipya, alikuwa akimweleza mama aliyekaa naye kwamba leo kamati inapitisha barua ya kuondoa dufu na kaswida kwenye mikutano yote.

"Tuna madai matano mazito, mama. Watu waje kusikiliza hoja, siyo kuyumbayumba."

Mama huyo alikuwa mwalimu wa kaswida, na dufu lake lilikuwa miguuni, ndani ya mfuko. Hakulitaja. "Basi nitajie hayo madai, mwanangu."

Katibu akahesabu kwa vidole: maji, shule, ajira, ardhi ya wakfu. Kidole gumba kikabaki kimesimama peke yake. Akafungua faili. Mlikuwa na ile barua tu.

Fundi hajawahi kukanyaga mkutano wa chama chochote, ila mkewe huiimba kaswida ya madai hayo, ubeti kwa kila dai, akiosha vyombo. Akajikuta ameuanza ubeti wa tano, kwa sauti ya kukwaruza. Abiria wa dirishani wakaupokea, kisha behewa zima: mjane asitolewe nyumbani mwake. Mama hakugusa hata mfuko.

"Hata hivyo, ni uzushi," alisema katibu, treni ikifunga breki. Kisha akaigeuza barua na kuliandika dai la tano mgongoni mwake, mbio mbio, asije akalisahau tena.